Ukifika Ukutani, Simama: Mwanagenzi wa Roboti na Sarufi ya Uprogramu wa Michoro

Makala haya yananuia kueleza jinsi mwanafunzi asiyewahi kuandika programu yoyote ya tarakilishi anavyojifunza uprogramu wa michoro katika timu ya roboti, na ni kwa nini mafunzo hayo yanamhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Najua yupo msomaji atakayeuliza: roboti na fasihi ni wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Mimi ambaye utafiti wangu wa uzamili umo katika fasihi nililiulizwa mara nyingi muhula ule nilipokuwa nikihudhuria mazoezi ya timu moja ya wanafunzi kila Jumamosi. Jibu langu ni kwamba uprogramu ni lugha kabla ya kuwa uhandisi. Una msamiati, una sarufi, una maana, na una wazungumzaji ambao aghalabu hawaelewani na msikilizaji wao. Msikilizaji mwenyewe ni mashine isiyojua kukisia.

Kilichonisukuma kuandika si kustaajabia teknolojia. Katika muhula huo wanagenzi waliojiunga na timu walipungua wiki baada ya wiki, hadi wakasalia wale waliokuwa na ujuzi tangu awali. Walioondoka walisema kwamba mambo yale ni ya wanahesabu. Hata hivyo, nilipoyachunguza makosa yaliyowakatisha tamaa, niliona kwamba machache tu yalikuwa ya hesabu. Mengi yalikuwa ya sentensi. Mtu alisema jambo ambalo kwa Kiswahili ni sahihi kabisa, roboti ikatenda jambo jingine, na hapakuwa na mtu wa kumfafanulia tofauti hiyo kwa lugha anayofikiria kwayo.

Matofali na nyaya

Katika uprogramu wa kawaida mtu huandika maagizo kwa herufi, mstari baada ya mstari. Katika lugha nyingi za aina hiyo, nukta-mkato moja ikisahauliwa mahali inapotakiwa, mashine hulikataa andiko zima. Katika uprogramu wa michoro mtu haandiki. Huchagua maumbo kutoka katika orodha iliyo kando ya kioo, akayaburuta na kuyaunganisha. Zipo familia mbili kuu za uprogramu huu, na mwanagenzi hufaidika akizijua zote mbili. Ya kwanza ni ya matofali: maagizo ni vipande vinavyopangwa kimoja chini ya kingine, navyo husomwa kutoka juu kwenda chini. Ya pili ni ya nyaya: maagizo ni visanduku vilivyotawanyika kwenye ubao, navyo huunganishwa kwa mistari inayosafirisha taarifa kutoka kisanduku kimoja hadi kingine.

Familia ya nyaya ndiyo kongwe kati ya hizi tunazozizungumzia. Mwaka 1986 kampuni ya National Instruments ya Austin, Texas, ilitoa programu iitwayo LabVIEW kwa ajili ya wahandisi waliotaka kupima na kuongoza mitambo ya maabara bila kuandika mistari ya herufi. Matofali yalienea hasa kupitia Scratch, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika chuo cha MIT. Scratch nayo ina babu yake: Logo, lugha iliyobuniwa mwaka 1967 na Seymour Papert na wenzake, ambayo ilikuja kujulikana kwa kumwezesha mtoto kumwamuru kobe aende mbele, ageuke, na achore njia aliyopita. Kitabu cha Papert cha mwaka 1980, Mindstorms, ndicho kilichozipa jina seti za roboti za LEGO zilizotoka mwaka 1998. Seti ya EV3 ya mwaka 2013, ambayo ndiyo timu niliyoitazama iliyokuwa nayo, ina historia ya kumfurahisha mwanaisimu. Programu yake ya kwanza ilijengwa juu ya LabVIEW, na iliyoifuata ikajengwa juu ya Scratch. Mwili ni ule ule, ila umebadilishiwa lugha. LEGO ilikomesha jina la Mindstorms mwishoni mwa mwaka 2022, lakini seti hizo zingali zinapita mikononi mwa wanafunzi, kwa kuwa plastiki haizeeki upesi.

Mashindano ya wanafunzi nayo yalianzia Marekani. Shirika la FIRST lilianzishwa na Dean Kamen mwaka 1989, na shindano lake la kwanza likafanyika Manchester, New Hampshire, mwaka 1992, kwa timu 28. Leo timu za aina hii zipo katika mataifa mengi, yetu likiwamo. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa usimbaji kwa shule za msingi na za upili. Kwa hiyo anayedhani kwamba suala hili ni la idara za uhandisi pekee angefaa kukumbuka kwamba walimu wa Kiswahili watafundisha katika shule hizo hizo.

Upatanisho wa maumbo

Tuanze na jambo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili ataling'amua mara moja. Tunasema "Kitabu kizuri kimepotea". Hatusemi "Kitabu mzuri limepotea". Anayeandika programu kwa herufi ana uhuru wote wa kuandika sentensi ya pili, kisha aadhibiwe. Anayetumia matofali hawezi kuiandika kabisa, kwa sababu upatanisho umechongwa katika umbo. Katika Scratch, tofali la agizo lina pengo juu na jino chini, ili agizo lishikane na agizo. Tofali la kuanzia lina mgongo wa mviringo na halina pengo juu, hivyo hakuna kinachoweza kulitangulia. Tofali linalobeba thamani, kama vile nambari, ni la duara dufu. Lile linalobeba ukweli au uongo lina ncha pande zote mbili, na nafasi iliyo katika tofali la "ikiwa" ina ncha vivyo hivyo. Ukijaribu kuitia nambari 20 katika nafasi hiyo haitaingia. Lazima kwanza uitie katika tofali la kulinganisha, "umbali ni chini ya 20", ambalo lina ncha kwa kuwa jibu lake ni ndiyo au la.

Katika LabVIEW kazi hiyo hufanywa na rangi. Waya wa nambari kamili ni buluu, wa nambari zenye desimali ni wa rangi ya chungwa, wa ukweli na uongo ni kijani, wa matini ni waridi. Mtu akiunganisha vitu visivyopatana, waya hukatika mbele ya macho yake, na mshale wa kuanzishia programu nao huonekana umevunjika. Hizi ni ngeli, msomaji, na mimi sioni jina jingine linalozifaa zaidi.

Faida yake ni kubwa. Mwanagenzi anaondolewa hofu ya sarufi siku ya kwanza, na katika muda wa saa moja roboti yake inatembea. Hatari yake ni kwamba anaanza kuamini kuwa kilichoungana vizuri kimesema vizuri. "Jiwe limekunywa chai kwa hasira" ni sentensi isiyo na dosari ya upatanisho. Matofali yatakuruhusu kusema hivyo kutwa nzima.

Digrii 90 za nani?

Mfano wa kwanza wa maana inayoteleza huja mapema sana. Mwanagenzi anataka roboti igeuke pembe mraba, yaani digrii 90. Anatafuta tofali la mota, anaona nafasi iliyoandikwa digrii, anaijaza 90. Roboti inageuka kidogo tu, chini ya nusu ya alichotaka. Anabadilisha betri. Anageuza upande wa kihisi. Hakuna kinachosaidia, maana digrii anazozitaja tofali ni za gurudumu, ilhali alizozikusudia ni za roboti nzima.

Hesabu yenyewe haizidi ya darasa la nane. Gurudumu la kawaida la EV3 lina kipenyo cha milimita 56, kwa hiyo mzingo wake ni kama milimita 176. Kwenda mbele mita moja ni kugawanya 1000 kwa 176, yaani gurudumu lizunguke mara 5.7 hivi, au digrii 2046 ukitumia mzingo kamili. Tuchukulie sasa kwamba magurudumu mawili yameachana kwa milimita 120, na roboti inageukia pale pale ilipo, gurudumu moja likienda mbele na jingine likirudi nyuma. Kila gurudumu litafuata robo ya duara yenye kipenyo cha milimita 120, yaani milimita 94. Hizo ni takriban digrii 193 za gurudumu. Mwanagenzi aliyejaza 90 alipata nusu au pungufu kama tulivyosema.

Niliona jinsi jambo hili lilivyoelezwa. Mwanafunzi mwenye ujuzi alikuja, akafuta 90, akaandika 193, akaondoka. Roboti ikageuka sawasawa. Mwanagenzi alishukuru, na hakuwa amejifunza chochote, kwani wiki iliyofuata magurudumu yalibadilishwa na nambari 193 ikageuka kuwa uongo. Swali ambalo lingemsaidia ni fupi na ni la kisarufi: digrii hizo ni za nani? A-unganifu inadai mmiliki.

Tatizo la -ki-

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndipo wengi walipokwama.

Zoezi lilikuwa hili: roboti iko mita moja kutoka ukutani. Iende mbele, ikifika sentimita 20 kutoka ukutani isimame, kisha mkono wake uinuke. Mbele yake kuna kihisi cha umbali. Hicho hutoa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la mwanadamu, kikapima muda ambao mwangwi unachukua kurudi. Cha EV3 hupima hadi sentimita 255. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, anayesomea ualimu wa Kiswahili na Historia, alipanga matofali yake hivi: endesha mota mbele, ikiwa umbali ni chini ya sentimita 20, simamisha mota, subiri sekunde 10, inua mkono. Kila tofali lilishikana na lenzake. Roboti ikaondoka, ikaufikia ukuta, ikaugonga, ikaendelea kuusukuma huku magurudumu yakisugua sakafu, kisha katika hali hiyo ya aibu ikainua mkono.

"Lakini nimeiambia ikiona ukuta isimame," alisema.

Na kweli alikuwa ameiambia. Katika Kiswahili, "ukiona ukuta, simama" ni sentensi iliyokamilika. Mtoto anayetumwa dukani akiambiwa "ukiona duka la buluu, geuka kushoto" hatafika mlangoni, atazame mara moja, akose kuliona duka, halafu aendelee na safari akiwa amelisahau agizo. Atatembea akilitafuta. Kiambishi -ki- katika sentensi hiyo kinabeba mambo mawili kwa pamoja: sharti na wakati. Ni "endapo utaona" na pia ni "pindi utakapoona". Isitoshe, -ki- hiyo hiyo hutumika kwa tendo linaloendelea, kama katika "nilimwona akikimbia". Masikioni mwetu basi, agizo lenye -ki- hukesha. Linabaki macho likingojea wakati wake.

Tofali la "ikiwa" halikeshi. Programu ilipolifikia, sehemu ndogo mno ya sekunde baada ya mota kuanza, ilikiuliza kihisi swali moja: umbali ni chini ya 20? Kihisi kikajibu kwamba ni sentimita 100 au 99. Jibu likawa la, tofali likarukwa, na halikutazamwa tena. Katika zile sekunde 10 za kusubiri mota zilikuwa zikizunguka, wala hapakuwa na yeyote aliyeuangalia ukuta.

Nisidai kwamba kosa hili ni letu peke yetu. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Roy Pea, alieleza makosa ya wanagenzi ambayo hayategemei lugha ya programu wanayoitumia, na mojawapo ni hili la kudhani kwamba mistari kadhaa ya programu inaweza kuwa hai kwa wakati mmoja. Chini ya makosa hayo yote aliona imani moja: kwamba ndani ya mashine imefichika akili inayoelewa makusudi ya msemaji. Mwingereza ana maneno mawili, moja la sharti na moja la wakati, na bado hukosea. Mjerumani analo wenn, linalotumika kwa yote mawili kama -ki- yetu. Ninachodai ni kitu kidogo zaidi, nacho ni kwamba anayefikiria kwa Kiswahili ana sababu nzuri ya kukosea, na sababu hiyo inaweza kutajwa kwa jina. Kuitaja ni bora kuliko kumwambia kwamba hana akili ya hesabu.

Tena Kiswahili chenyewe kina dawa. Tulipolijadili zoezi lile tuligundua kwamba sentensi tatu zinatosha kutenganisha kile ambacho -ki- inakificha. Ya kwanza ni "Nenda mpaka umbali uwe chini ya 20, kisha simama". Neno "mpaka" halina utata: linashika programu mahali lilipo hadi jambo litimie. Katika matofali hilo ndilo tofali la kusubiri mpaka, na likiwekwa baina ya kuendesha na kusimamisha, zoezi limekwisha. Ya pili ni "Kila mara tazama: umbali ukiwa chini ya 20, simama". Hapa "ikiwa" imewekwa ndani ya tofali la marudio, nayo huulizwa upya tena na tena. Ya tatu ni "Tazama sasa hivi: je, umbali ni chini ya 20?" Hiyo ndiyo maana halisi ya tofali la "ikiwa" likiwa peke yake, na ndiyo ambayo mwanafunzi wetu alikuwa ameisema bila kujua.

Tofauti ya mbili za kwanza si ya mapambo. Anayesubiri mpaka hawezi kufanya lingine katika mkondo huo wa maagizo. Anayezunguka ndani ya marudio anaweza kutazama mambo mengi kwa zamu. Roboti inayofuata mstari mweusi sakafuni, kwa mfano, huishi ndani ya marudio: mwanga unaoakisiwa ukiwa chini ya kiwango fulani, geuka kidogo kulia; la sivyo, geuka kidogo kushoto. Roboti hutingishika njia nzima kama mtu anayepapasa ukuta gizani, lakini hufika. Mle ndani ya marudio -ki- yetu hurudi kuwa sahihi, kwa kuwa kuna anayeikesha kwa niaba yake.

Yule mwanafunzi wa mwaka wa pili alibaki kwenye timu. Sitajifanya kwamba ni kwa ajili ya sarufi pekee, ila niliona kwamba Jumamosi iliyofuata ndiye aliyekuwa akiwauliza wengine: unataka "mpaka" au "kila mara"?

Mahali si mfuatano

Upande wa nyaya kuna mtego mwingine. Macho yaliyozoea kusoma yanadhani kwamba kilicho kushoto hutangulia kilicho kulia. Katika LabVIEW sivyo. Kisanduku hutenda kazi pale tu taarifa zote zinazohitajika zinapokuwa zimewasili kupitia nyaya zake, na visanduku viwili visivyounganishwa kwa waya wowote havina mfuatano uliowekwa. Mwanagenzi anaweka kushoto kisanduku cha kurudisha kipimo cha gurudumu hadi sifuri, na kulia kisanduku cha kusoma kipimo hicho. Leo kinasomwa baada ya kufutwa, kesho huenda kikasomwa kabla. Hakuna kilichoharibika. Hakuna aliyesema kipi kitangulie.

Kiswahili kina mfano mzuri wa hali hii. "Juma amekisoma kitabu", "Kitabu Juma amekisoma", "Amekisoma kitabu Juma": maneno yamehama lakini hatumshuku kitabu kwamba ndiye aliyemsoma Juma. Uhusiano haukubebwa na mahali pa neno. Umebebwa na a- na -ki- ndani ya kitenzi. Waya ni kiambishi cha namna hiyo. Ndiyo maana watumiaji wa LabVIEW hupitisha waya wa taarifa za hitilafu kutoka kisanduku hadi kisanduku hata pale wasipotarajia hitilafu yoyote, kwani waya huo huwapa mfuatano. Programu hiyo ina pia kitufe chenye alama ya balbu. Kikibonyezwa, programu huenda polepole na vitone vya taarifa huonekana vikitiririka nyayani. Mwanagenzi aliyekesha akijiuliza kwa nini huliona jibu likitembea. Sijapata kuona chombo cha kufundishia sintaksia kinachoufikia ubora wa kitufe hicho.

Si kila kitu ni cha kusifiwa. Programu ya michoro inapokua hujaa nyaya zilizosokotana kama tambi, na wawili wakiihariri moja kwa wakati mmoja ni vigumu kulinganisha mabadiliko yao. Wengi huishia kuhamia lugha za herufi. Wanapohama, hata hivyo, tatizo la -ki- na swali la digrii za nani huhama nao vile vile.

Tarakilishi iko mikononi mwa nani

Ugumu ambao hakuna programu inayoutatua ni wa watu. Timu ina roboti mbili, tarakilishi moja au mbili, na wanafunzi kumi na wawili. Katika mchezo wa roboti wa FIRST LEGO League, ambao wengi huuchukua kuwa kielelezo, mashine imekuwa ikipewa dakika 2 na sekunde 30, bila mtu kuiongoza kwa rimoti. Programu ikikosea, hakuna mkono wa kuokoa. Basi shindano linapokaribia, tarakilishi huenda kwa anayejua, na mwanagenzi hupewa kuhesabu vipande au kuandika daftari la timu. Kazi hizo si za kudharauliwa, lakini anayezifanya muhula mzima hatajua kuprogramu.

Nahodha wa timu ile alijaribu kanuni moja niliyoipenda: anayejua haruhusiwi kugusa kipanya. Hukaa kando na kusema. Mwanagenzi ndiye anayeburuta matofali. Siku ya kwanza kanuni hiyo iliwatesa wajuzi kuliko wanagenzi, kwani walitambua kwamba walikuwa wakijua kwa vidole mambo wasiyoweza kuyasema. Wakisema, walichanganya Kiingereza na Sheng' na ishara za mikono, na neno lililokuwa likihitajika kuliko yote, la kutenganisha kungoja na kutazama, halikuwamo. Ndipo mimi na mwenzangu wa isimu tulipopata kazi.

Kitanzi, mzunguko, na tofali lisilojua ngeli

Tulianza kuandika istilahi kwenye karatasi ndefu ukutani, tukibandika chini ya picha ya kila tofali neno la Kiswahili. Scratch ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake, na hilo ni jambo la kushukuriwa, lakini timu ilihitaji maneno ya kuzungumza, si ya kusoma kiooni tu. Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya yale maagizo yanayorudiwa. "Kitanzi" kilipendekezwa kwa sababu ya umbo lake, na wapo wanaokitumia. Wengine walikikataa, kwani kwetu kujitia kitanzi ni kujiua. "Mzunguko" ulionekana mwafaka hadi mtu alipouliza: gurudumu likizunguka mara tano ndani ya maagizo yanayorudiwa mara tano, tutasemaje? Tukaliachia gurudumu mzunguko wake, na maagizo tukayaita marudio. Kwa kile kisanduku cha kuhifadhia thamani inayobadilika tulitumia "kibadilika". Mmoja alitaka "kigeugeu", na tulicheka, ila aliposema kwamba kibadilika kisichowekewa thamani ya mwanzo humhadaa mtu kama kigeugeu wa kweli, baadhi yetu tulitamani tungelikubali neno lake.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ya ngeli. Tofali la kulinganisha lina nafasi tupu ambamo lolote laweza kuingizwa. Ukiandika "[ ] ni kubwa kuliko [ ]", litafaa kwa kasi na kwa nambari. Likiingizwa umbali litatoa "umbali ni kubwa", na likiingizwa kipimo, "kipimo ni kubwa". Kiingereza hakina tatizo hili, ndiyo maana waliochonga matofali hawakuliacha nafasi. Tulilikwepa kwa "[ ] zaidi ya [ ]" na "[ ] chini ya [ ]", maneno ambayo hayabadiliki kwa ngeli yoyote. "Rudia mara [ ]" lilikaa vizuri, maana "mara" haina wingi tofauti. "Unapopokea [ ]" nalo likakaa, kwa kuwa mtenda ni roboti na yambwa imo nje ya kitenzi.

Tofali lililotushinda kwa muda mrefu ni lile ambalo nafasi tupu ndiyo kiima: kihisi kimeguswa, mota imesimama, mkono umeinuka. Kila kiima kinadai kiambishi chake, na karatasi haiwezi kubadilisha herufi. Mwenzangu ndiye aliyekumbuka ngeli ya KU-. Kitenzi-jina hubeba upatanisho wake chenyewe na hakimwulizi mtenda ni wa ngeli gani: "kuguswa kwa [ ]", "kusimama kwa [ ]", "kuinuka kwa [ ]". Kwa hiyo "subiri mpaka kihisi kiguswe" likawa "subiri kuguswa kwa kihisi". Si Kiswahili cha barazani, lakini linakubali kiima chochote, na Jumamosi ya mwisho ya muhula wanagenzi wawili walilisoma kwa sauti kutoka ukutani wakipanga matofali, bila kumwita mtu.